Saa za Mke Mwenza

KITINDA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Ahaa! Kumbe simu unapokea.

KITINDA: ... Kaka?

FUNDI: Kaka, ndiyo. Ya kwangu unaikata tangu juzi, ya mgeni hata haijalia mara mbili umeshaidaka. Nimeazima simu ya mwanafunzi mwenzangu ili nikukamate.

KITINDA: Shikamoo, kaka.

FUNDI: Marahaba. Usinipoze kwa shikamoo. Kulikoni?

KITINDA: Simu ilikuwa haina chaji—

FUNDI: Siku mbili?

KITINDA: Na mtandao wa huku, si unaujua—

FUNDI: Na ya baba?

KITINDA: Ya baba nayo... [mtandao unakwaruza] ...imezimwa.

FUNDI: Mbona makelele hivyo? Kuna watu?

KITINDA: Majirani. Wamekuja kwa mama.

FUNDI: Wote hao? Saa nne asubuhi, Alhamisi, watu wana kazi zao?

KITINDA: Wanampenda.

FUNDI: Haya. Sikiliza, sina muda. Saa tano naingia kutetea mradi wangu. Miaka minne, kitinda mimba wetu! Nikitoka mle chumbani ni shahada kamili, fundi wa vifaa tiba anayetambulika. Siyo yule wa kufumua redio ya baba akabakiwa na skrubu mkononi.

KITINDA: Skrubu tatu. Na redio haikulia tena.

FUNDI: [anacheka] Ilikuwa na matatizo yake ile. Nipe mama nimsalimie, aniombee.

KITINDA: Amelala.

FUNDI: Mama? Saa nne hii? Si huwa anawasema nyie mnaoamka jua limeshatoka?

KITINDA: Amechoka, kaka. Tumwache.

FUNDI: ... Haya, asiamshwe. Nimevaa lile shati alilonichagulia, umwambie. Na tai ya kuazima, inanikaba kama deni. Basi sogeza simu kwa mke mwenza, nimsikie anavyopumua.

KITINDA: Nyie na mama na hilo jina! Mashine ya oksijeni, mke mwenza.

FUNDI: Si inalala chumbani kwa baba na kukoroma mpaka asubuhi? Jina katoa mama, mimi niliifufua tu. Hospitali walishaitupa stoo, ikaliwa na vumbi. Leo mwezi wa tisa inampa mama hewa usiku na mchana, na walimu watano watakaa wanisikilize kwa ajili yake. Sogeza simu, bwana, salio la watu hili.

KITINDA: Subiri. [hatua, mlango, mlio mmoja mrefu, kisha ngurumo ya mashine]

FUNDI: We! Huo ni mlio wa kuwaka. Ilikuwa imezimwa?

KITINDA: Nilikuwa... naosha chujio.

FUNDI: Ah. Umenitoa roho. Chujio kila wiki, vizuri sana. Ila kabla hujaizima unampa mtungi wa oksijeni kwanza, nilikuonyesha.

KITINDA: Ulinionyesha.

FUNDI: Na inaunguruma vizuri. Hiyo vali niliibadilisha kwa mikono hii, mama ananishikia tochi na kunilaumu kwa kuchafua mkeka. Haya, nambari. Sijapata nambari tangu Jumatatu, mchoro wangu una pengo, na mwalimu wangu ana jicho la mwewe.

KITINDA: Kaka, ya leo si uache tu—

FUNDI: Niache vipi? Ile ya chini ya swichi, inayohesabu saa za kazi, niliyoianzisha sifuri siku mama alipoanza kuitumia. Miezi yote hii unanisomea, leo imekuwa ngumu?

KITINDA: Elfu sita, mia mbili, thelathini na saba.

FUNDI: Rudia.

KITINDA: Mia mbili thelathini na saba.

FUNDI: Umesoma vibaya. Jumatatu, saa nne kama hivi, ulinipa mia mbili na kumi. Siku tatu ni saa sabini na mbili. Ilitakiwa isome mia mbili themanini na mbili.

KITINDA: Si nimekwambia nilikuwa naosha chujio?

FUNDI: Hata nikitoa muda wa kuosha chujio.

KITINDA: Umeme ulikatika.

FUNDI: Siku mbili?

KITINDA: Ulikuwa unakatika na kurudi.

FUNDI: Basi alikuwa kwenye mtungi. Na mtungi ule haufiki hata nusu siku. Mshale wa geji uko wapi?

KITINDA: Kwenye kijani. Umejaa.

FUNDI: Umejaa.

KITINDA: ... Kaka.

FUNDI: Nyamaza kidogo. Umejaa. Na mashine imefanya kazi saa ishirini na saba tu. Jumatatu saa nne mpaka Jumanne saa nne, ishirini na nne. Tano, sita... saba. Jumanne, saa saba mchana.

KITINDA: Saa saba na dakika kumi.

[mashine inaunguruma]

FUNDI: Kitinda.

KITINDA: Abee.

FUNDI: Ilizimika? Niambie ukweli. Vali ile ilimwangusha mama?

KITINDA: Hapana! Haki ya nani, hapana—

FUNDI: Maana nilibana kwa mkono, sikuwa na kipimo—

KITINDA: Kaka, nisikilize! Iliunguruma hivi hivi unavyoisikia. Mtungi hatukuugusa hata kidogo, si nimekwambia umejaa? Muuguzi alikuwepo, akasema ni moyo, umechoka. Hewa ilikuwa bado inatoka, nilisikia kwa kiganja changu. Baba ndiye aliyeizima. Alikaa kwanza, akaisikiliza, ndipo akazima.

FUNDI: [analia]

KITINDA: Lia, kaka. Lia tu.

FUNDI: Siku mbili. Mimi huku nacheka na watu, nanyoosha shati.

KITINDA: Mama mwenyewe ndiye aliyekataza. Jumatatu jioni alituita wote wawili, akasema, "Asiitwe mpaka atoke kwenye kile chumba. Namjua mwanangu, ataacha kila kitu aje kunitazama nikiwa nimelala." Baba akaapa. Mimi nikaapa. Ndiyo maana nakata simu. Kukudanganya kwa sauti siwezi, unajua.

FUNDI: Na nambari ukanisomea.

KITINDA: Uliniambia nisibuni nambari hata siku moja. Nikasoma iliyokuwepo. Sikujua kama inasema.

FUNDI: Inasema kila kitu, mdogo wangu. Mmemzika?

KITINDA: Tumzike bila wewe? Ni Jumamosi. Tunakungoja.

FUNDI: Siingii. Nakuja sasa hivi.

KITINDA: Kaka—

FUNDI: Nitasimama mle niseme nini? Picha ya kwanza kabisa ni yeye, na mrija wake puani, anaikunjia uso kamera!

KITINDA: Kwa hiyo atakuwepo. Ingia.

FUNDI: Na wakiniuliza mbona mstari umeishia Jumanne?

KITINDA: Waambie mashine haikuharibika.

[sauti ya mtu kwa mbali inaita]

FUNDI: Wananiita. Kuna mtu aliyekuwa mbele yangu hajafika.

KITINDA: Nenda, kaka yangu. Kiapo cha mama nimekivunja nusu. Hiyo nusu iliyobaki unayo wewe.

FUNDI: Salio nalo linalia hapa. Kitinda, mashine bado inawaka?

KITINDA: Inawaka. Niiache? Nyumba imekuwa kimya, kaka. Hata na watu wote hawa, usiku hatulali, hakuna kinachokoroma. Baba anakaa kitandani anaitazama.

FUNDI: Hapana. Zima.

KITINDA: Kidogo tu—

FUNDI: Zima, mpenzi. Ile nambari ni saa za mama. Ikisogea, inahesabu zisizo zake.

KITINDA: [anapiga kwikwi] Sawa. [swichi, kimya] Nimezima.

FUNDI: Maji ya ile chupa ya mashine umemwaga? Yakikaa yanaota utelezi.

KITINDA: Nilimwaga Jumanne. Nikaianika chupa, kama ulivyonifundisha.

FUNDI: Vizuri. Nisomee mara ya mwisho.

KITINDA: Elfu sita, mia mbili, thelathini na saba. Haijasogea.

FUNDI: Thelathini na saba. Nimeandika. Mwambie baba naingia. Mwambie nikitoka tu nakuja, na usimfiche kwamba naj—

KITINDA: Kaka? Haloo? ... Baba, njoo. Ameshajua. Ameingia.