Dubu Mwenye Mgongo Mweupe: Maisha ya Pelagia Kasimiri (1931–1978)

Juu ya meza iliyo kando ya jeneza amekaa mnyama asiyezidi urefu wa kidole gumba. Tumbo lake ni jeusi, mgongo mweupe. Hatazikwa leo. Kesho Alhamisi ana safari ya treni, na ili aeleweke anakokwenda, inabidi kwanza aelezwe aliyemtengeneza.

Pelagia Kasimiri alizaliwa tarehe 4 Juni 1931 katika kambi ya warina asali kando ya mto Ugalla, mtoto wa kwanza wa Mzee Kasimiri na Mama Katarina. Mama yake alikuwa amempelekea mumewe unga porini, uchungu ukamkuta hukohuko. Kwa hiyo pumzi yake ya kwanza ilikuwa na moshi na nta ndani yake, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba hakuwahi kuamka kabisa kutoka katika moshi ule. Utotoni alilala mchana chini ya miti yenye mizinga, akiwasikia nyuki usingizini. Mwezi wa Agosti, moto ukishapita porini, aliwaona sungura alfajiri wamesimama juu ya majivu, masikio wima, kimya. Walikuwa wakitoweka kabla hajajua kama yu macho au anaota. Sungura hao aliwafuma maisha yake yote, kwa uzi wa kijivu.

Mwaka 1942 alipelekwa kwa ndugu wa mama yake huko Mpimbwe ili asome shule ya misheni ya Mamba, alikomaliza darasa la nne mwaka 1946. Ushonaji alifundishwa na Sista Benigna, aliyetoka Ulaya. Siku moja Sista aliwataka wasichana watengeneze dubu, mnyama wa kwao. Picha hakuwa nayo. Pelagia akauliza mnyama huyo yukoje.

“Mnene, ana makucha marefu, na anapenda asali kuliko kitu chochote.”

“Anavunja mizinga?”

“Anavunja sana.”

“Basi Sista, huyo namjua. Baba anamtega kila mwaka.”

Baada ya wiki moja alileta mnyama mweusi tumboni, mweupe kutoka utosini mpaka mkiani. Alikuwa ametengeneza nyegere. Sista alicheka mpaka akatafuta leso, kisha akamweka mnyama yule juu ya kabati lake na akakataa kumrudisha. Miaka mingi baadaye Pelagia alionyeshwa picha ya dubu halisi, wa rangi moja mwili mzima. “Huyu ni wa kwao,” akasema. “Wa kwetu ana mgongo mweupe.” Hakubadilisha.

Baba yake hakufurahishwa na kazi hiyo. Nyegere ndiye adui wa mrina asali, na binti alipokuja likizo na mwingine mfukoni, Mzee Kasimiri alimshika mnyama huyo kwa ncha za vidole.

“Mwanangu, huyu ananimalizia mizinga porini, na wewe unamleta mpaka kitandani?”

“Huyu ameshiba, baba.”

Mzee akamtia mfukoni mwake. Kesho yake alikwenda kumfunga yule mnyama kwenye mti wa mzinga wake wa mbali, ili nyegere wa kweli akifika amkute mwenzake ameshawahi. Msimu ule mzinga huo haukuguswa. Mzee Kasimiri alisema ni bahati tu, lakini msimu uliofuata alimwomba binti yake amtengenezee wengine wanne.

Tarehe 12 Septemba 1953, katika kanisa la Mpanda mjini, Pelagia alifunga ndoa na Telesphor Damiano, mfanyakazi wa reli. Telesphor ndiye aliyempatia sindano. Alikwangua meno madogo ubavuni mwa sindano ya kawaida kwa tupa ya kazini, ili ikichoma sufu iikamate na kuivuta ndani. Pelagia alifumua nyuzi za sweta kuukuu, akazichambua kwa kitana mpaka zikawa kama wingu, akazikunja na kuzichomachoma mara elfu mpaka wingu likawa tumbo, likawa kichwa, likawa makucha. Weusi ulitoka kwenye masweta ya reli. Weupe ulitoka kwenye blanketi moja la misheni, ambalo kwa miaka ishirini liliendelea kupungua bila kwisha.

“Mama Generosa, sweta langu liko wapi?” Telesphor aliuliza asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa kali.

“Sasa hivi lina watoto kumi na mmoja.”

“Na mimi nivae nini?”

“Kaa karibu nao.”

Pelagia alikuwa fundi wa kushona nguo za wanawake na sare za shule, kazi aliyoifanyia nyumbani, kwanza mjini, halafu Mwamkulu walikohamia kulima mpunga. Wateja walimjua kwa mishono iliyonyooka. Wanyama aliwatengeneza saa za alasiri, nyumba inapotulia na jua linapoingia kwa dirisha la magharibi. Ukimsemesha saa hizo alikujibu baada ya muda, kwa sauti ya mtu aliyeitwa kutoka ng’ambo ya mto. Uzi aliupaka nta ya Ugalla usije ukafumuka. Nguo za sungura alizishona kwa vipande vya khanga, na vifungo vyake ni punje za shanga.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Generosa, Apolinari na Esteria. Machi 1964 Apolinari, mwenye miaka minne, alilazwa kwa surua. Dubu wake alisahaulika nyumbani kwa haraka ya kuondoka. Mama alirudi kumchukua. Aliporejea wodini mtoto alikuwa ameshafariki, na viganja vyake vilikuwa wazi. Pelagia aliusimulia mkasa huo mara moja tu.

Tangu mwezi ule, kila mtoto aliyelazwa katika wodi ya watoto pale Mpanda alipata dubu au sungura wake. Aliwafanya wadogo kwa makusudi, mtoto akifumba ngumi mnyama apotee ndani, asiweze kusahaulika popote. Muuguzi Hilaria, aliyefanya kazi wodini miaka yote hiyo, anasema alizoea kuwafungua watoto vidole ili awapime joto.

Macho yaliwekwa mwisho. Pelagia alisema mnyama akipewa macho mapema ataona anavyochomwa sindano. Lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine. Kabla ya kuweka macho alikwenda kumwona mtoto mwenyewe, analalaje, anatazama wapi. Mtoto aliyelala chali humwinua mnyama juu ya uso wake. Macho yakiwekwa katikati, mnyama anatazama ukuta. Yakishushwa kidogo, anamtazama mtoto. Tofauti yenyewe haifiki upana wa punje ya mchele.

Generosa alijifunza kufuma, kuchoma sufu na kushona, ila si macho. Akiwa na miaka kumi na mitano aliyaweka kwa sungura mmoja bila kuruhusiwa. Mama yake alimgeuza sungura yule mkononi, akachukua mkasi.

“Anatazama mlango,” alisema. “Mtoto atadhani anataka kwenda nyumbani amwache peke yake.”

Generosa hakuyagusa macho tena kwa miaka minane.

Februari mwaka huu Pelagia alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Madaktari walisema ni moyo. Aliendelea na kazi akiwa ameegemea mito mitatu, akilala na kuamka katikati ya mshono mmoja. Alisema akifumba macho anawaona sungura wa Ugalla wakimngoja kwenye majivu, na kwamba safari hii hawakimbii. Ijumaa tarehe 18 Agosti aliomba apelekwe wodini kwa baiskeli ya Telesphor. Alikuwa amelazwa Mwanaiddi, binti wa miaka sita wa Bwana Amri, mwenye duka aliyekuwa akimtengea Pelagia shanga nyeusi za macho ndani ya kopo la ugoro. Mfupa wa paja la mtoto umeharibika, na anatakiwa kwenda Tabora kufanyiwa upasuaji. Muuguzi Hilaria alikuwepo.

“Bibi, huyu hana macho,” Mwanaiddi alisema akimtazama dubu.

“Macho yanakuja, mama.”

“Lini?”

“Kabla ya treni.”

“Usipoleta, mimi siendi. Nitashika kitanda.”

“Shika. Na mimi nitaleta.”

Jumapili hakuweza kuinua mkono. Alimwita Generosa, akamkabidhi sindano na shanga mbili kutoka kwenye lile kopo.

“Mama, mimi nitakosea.”

“Ukikosea, fumua. Chini kidogo kuliko unavyodhani.”

Alifariki Jumatatu tarehe 21 Agosti 1978, saa nne asubuhi, nyumbani Mwamkulu, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Jana mchana Bwana Amri alikuja msibani. Alisema mtoto hajaambiwa, na bado anauliza habari za macho. Generosa akaondoka kwenye mkeka, akaenda wodini. Alikaa kando ya kitanda akamtazama Mwanaiddi alivyolala. Aliporudi aliketi penye dirisha la magharibi. Jicho la kwanza alilishona na kulifumua mara tatu. Mara ya nne aliliacha. La pili lilikaa sawa mara ya kwanza. Kisha alilala chali sakafuni mbele ya shangazi zake wote, akamwinua dubu juu ya uso wake. Alipoinuka alisema, “Ananiona.”

Marehemu ameacha mume, Telesphor Damiano. Mabinti wawili, Generosa na Esteria. Mama yake mzazi, Katarina. Na mdogo wake Romana wa Ugalla. Mwanawe Apolinari na baba yake, Mzee Kasimiri, walimtangulia. Ameacha pia watoto wa wodini, ambao hakuwahi kuwahesabu.

Baada ya mazishi Bwana Amri atamchukua dubu huyu kutoka mezani na kumpeleka kwa mwenyewe. Treni ya Tabora inaondoka kesho.

Pelagia, Bwana akupokee, ulale kwa amani. Macho yamewekwa.