Nilifunga Siku Tatu Ili Nisivuke Ua

Wapendwa wa hapa Mangobo, jina la Yesu lipewe sifa. Wengi mnanijua kama Mama Debora wa kwaya. Leo sikuja kuimba. Nimekuja kusema neno nililolificha tangu miaka ya uasi, na ninaona haya kulisema mbele ya watoto wangu.

Uhuru ulipokuja, mume wangu, Papa Samweli, alipata kazi ya ukarani serikalini. Mimi nikavimba kichwa. Jirani yetu alikuwa Mama Zaituni, mjane Mwislamu wa zile familia za zamani za mji huu zilizokuja na misafara ya Waarabu, aliyekaa na kaka yake Rajabu, fundi wa kushona nguo. Siku moja mbuzi wao alikula mihogo niliyoanika. Nikasimama uani nikamwita Mama Zaituni mtoto wa wauza watumwa, mtaa mzima ukisikia. Alimfunga mbuzi wake akaingia ndani.

Ndugu zangu, Jumapili ile nilijua Mungu anataka nini. Hakunituma mbali. Alitaka nivuke ua, nikaombe msamaha. Mimi nikaona afadhali nifunge. Nilifunga siku tatu, nikaimba, nikalia, watu wakasema Mama Debora ana moto wa Roho. Lakini kwa jirani sikwenda.

Kisha waasi wakaingia mjini, wakawa wanawatafuta makarani. Asubuhi moja tuliwasikia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Barabarani hapakuwa na pa kupita. Mama Zaituni akang'oa fito za ua kwa mikono yake, akamshika mume wangu, akamlaza nyuma ya magunia ya makaa jikoni kwake. Walipofika kumuuliza, nilimsikia akijibu: "Hapa iko mimi na kaka yangu tu. Ingieni, muangalie."

Hawakuingia.

Papa Samweli alikaa kule wiki nyingi, akila sombe ya majani ya mihogo aliyoipika mwanamke niliyemtukana. Mimi nilisema asante kila siku. Neno msamaha halikutoka. Nilijiambia kwamba asante inatosha.

Baadaye askari wa serikali wakaurudisha mji. Wakamkamata Rajabu, wakasema aliwashonea waasi nguo. Asubuhi hiyo Papa Samweli alikuwa ameitwa kazini ng'ambo ya mto, kwa hiyo Mama Zaituni alikuja kwangu mimi. Aliniomba niende kuwaambia askari jinsi nyumba yao ilivyomficha karani wa serikali. Nikamwambia nitaomba kwanza. Kweli nilipiga magoti, lakini ndani ya maombi yale nilikuwa naogopa: je, wakisema na sisi ni waasi? Mungu alikuwa ameshasema. Mimi nikaendelea kumuuliza mpaka jua likazama.

Nilienda siku ya pili. Mkubwa wao alinisikiliza kidogo tu, akaandika karatasi, akamwachia Rajabu. Basi, ni hayo tu yaliyohitajika. Lakini jioni ile niliyokuwa nimepiga magoti, walikuwa wamemvunja mkono wa kuume kwa kitako cha bunduki. Hakushona tena.

Nilimsindikiza mpaka nyumbani, nikapiga magoti mbele ya dada yake. Nikamwomba msamaha kwa tusi lile, na kwa siku ile moja niliyokawia. Akaniambia, "Kwa tusi, nilishakusamehe zamani, Mama Debora. Kwa mkono, muombe Rajabu mwenyewe."

Nikamgeukia Rajabu. Akanipa mkono wa kushoto.

Ndugu zangu, wengine wanasimulia jinsi Bwana alivyowatoa katika pombe, au katika uchawi. Mimi alinitoa katika maombi ya kukwepa. Sasa akinionyesha jambo, naenda kwanza, halafu napiga magoti nikirudi. Si kila siku naweza. Kuna siku miguu inakataa, na ule mkono nauona tena. Namshukuru Mungu kwa sababu hajachoka kunituma.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna jina la mtu limekujia nilipokuwa nasema, usingoje nimalize. Mtumaini Bwana, simama, uende kwake sasa hivi. Ukirudi utatukuta tukiimba.