Muuza Kashata Hutoa kwa Mkono wa Kulia: Tunamuaga Bi. Salme Mwinyihaji

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1996, Bi. Salme Mwinyihaji atafunga mlango wa Chumba cha Michoro na kumkabidhi mkuu wa chuo funguo zake. Atakuwa amekitumikia chuo chetu cha ufundi hapa Timbwani kwa miaka ishirini na mmoja. Wengi wetu tulimkuta, na tulidhani tutamwacha.

Alianza Januari 1975 kama mwalimu wa ushonaji na darizi. Nyumbani kwao Mtongwe alikuwa akichora kofia tangu usichana. Yeye huchora maua na nyota kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, na jamaa zake hushona na kutoboa vitobo. Alipoajiriwa, kilichomtisha hakikuwa wanafunzi bali ubao. Bwana Nguma, mkuu wetu wa chuo, ambaye wakati huo alifundisha useremala katika darasa la jirani, asema kwamba Bi. Salme aliandika herufi ndogo kama mshono, hata waliokaa nyuma wakawa wananyanyuka kuja kusoma kisha wanarudi kuandika. Mwishowe wanafunzi wenyewe walisogeza madawati yote mbele, na mpaka leo darasa lake hukaa hivyo. Nyuma pana nafasi ya kucheza ngoma.

Katika miaka ya themanini aliongeza upigaji chapa wa vitambaa. Alitengeneza mabango ya maduka, vitambaa vya meza na fulana za timu za mpira. Timu moja ya hapa Likoni haikusubiri rangi ikauke, ikazivaa fulana siku ileile. Ilikuwa mechi ya kukabana sana. Ilipokwisha, wapinzani walitoka uwanjani na nambari za wenzao vifuani, zimegeuka nyuma mbele. Bi. Salme alipoletewa habari alisema tu, "Basi leo tumewavisha wote."

Kompyuta zilikuja mwaka 1990. Kampuni moja ya mjini ilikuwa inabadilisha mashine zake, ikatugawia zile kuukuu. Zilivushwa kwa feri, zikafika hapa juu ya mkokoteni. Zilikuwa za kufundishia kupiga chapa barua, na mwalimu wake alikuwa Bwana Musyoka. Bi. Salme hakuhusika nazo kabisa ila kwa jambo moja: aliombwa azishonee vifuniko, maana hewa ya hapa ina chumvi. Alikuwa anapima mashine kwa utepe wakati Bwana Musyoka, kwa kupitisha muda tu, alipofungua programu ya kuchora na kuanza kuburura mstari. Bi. Salme aliinama mpaka pua ikakaribia skrini.

"Mwalimu Musyoka, hizi si nukta?"

"Ni nukta, Bi. Salme. Picha yote ni nukta."

"Basi hii ni kofia," akasema. "Nionyeshe pa kushika."

Vifuniko vilichelewa sana. Lakini mwaka uliofuata ratiba ya chuo ilikuwa na somo jipya, Michoro ya Kompyuta, na mwalimu wake alikuwa mshonaji.

Waliopita mikononi mwake wanayajua mafunzo yake kwa moyo, na ni vyema yaandikwe hapa kwa faida ya watakaokuja. Kwanza, hakuna kugusa mashine kabla ya kuchora kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa nukta moja. Wanafunzi walinung'unika, lakini kompyuta zilikuwa chache na karatasi ni nyingi. Akili pia, alisema, hutulia zaidi mbele ya kitu kisichotoa mlio. Hata hilo lilikuwa na mtego wake. Nukta za zile skrini za kwanza zilikuwa ndefu kuliko upana wake, na mpira uliochorwa mviringo kwenye karatasi ulitokea kwenye skrini kama yai. Darasa zima lilicheka. Yeye alichukua karatasi mpya akauchora mpira uliobonyea kidogo, na kwenye skrini ukakaa sawasawa.

La pili ni kivuli. Kila umbo lichorwe kwanza kwa rangi nyeusi tupu, kisha mchoraji arudi nyuma hadi ukutani alitazame. Kama hakulitambua akiwa mbali, macho na vifungo havitamsaidia. La tatu ni rangi: chache, na kila moja iwe na kazi. Alikuwa na desturi ya kutandika khanga mezani na kuwauliza wanafunzi rangi ngapi wanaziona. Wakishahesabu, huwauliza ile khanga ingepungukiwa na nini kama moja ingeondoka. Mwanga nao utoke upande mmoja. "Jua ni moja," huwaambia. "Nyumba yako ina kivuli huku na mnazi una kivuli kule, kwani wakaa wapi?"

La nne lilikuwa hila ya kubania nafasi. Disketi hubeba picha chache, na mtu anayetembea kwenye mchezo anahitaji picha kadhaa, mguu huu mbele, kisha ule. Kwa hivyo Bi. Salme alifundisha kumchora mtu akielekea upande mmoja tu, kisha kuiagiza kompyuta impindue kama kwenye kioo anapogeuka. Kazi ilipungua nusu na nafasi ikabaki. Aliipenda sana hila hii. Ndiyo iliyokaribia kulifunga darasa lake.

Mwanzoni mwa 1994 bodi ya chuo ilitaka kompyuta zote zirudi kwa upigaji chapa. Sababu yao ilieleweka. Wanaojua kupiga chapa walikuwa wakipata kazi za ukarani, lakini wa michoro haikujulikana wangekwenda wapi. Bi. Salme aliomba apewe mpaka Maonyesho ya Mombasa ya mwezi wa nane. Makubaliano yakawa kwamba bodi ingefika kwenye kibanda chetu pale Mkomani siku ya Ijumaa. Isipoona faida, somo lingekoma. Bi. Salme angerudi kwenye cherehani, na wanafunzi wake wangeanza upya darasa jingine.

Walitengeneza mchezo. Bwana Musyoka aliandika maagizo na darasa likachora. Muuza kashata anatembea kivukoni na sinia lake, abiria wako kulia na kushoto, na mchezaji lazima awape kashata wote kabla feri haijapiga honi. Picha ya ufunguzi aliichora Bi. Salme mwenyewe: kivuko asubuhi, na ukingo wa maua ya kofia pande zote nne. Aliimalizia palepale kibandani, moja kwa moja kwenye skrini, bila karatasi ya miraba. Dorcas Mapenzi, aliyekuwa mwanafunzi wake wakati huo, asema hiyo ndiyo siku pekee aliyomwona mwalimu akivunja sheria yake mwenyewe.

Jumatano, siku ya kwanza, watoto walijaa. Kisha akaja mama mmoja wa Kisauni, Bi. Mwanatatu, amemshika mjukuu mkono. Mjukuu akacheza. Muuza kashata akaenda kulia, akatoa kashata. Akageuka kushoto, akatoa tena. Bi. Mwanatatu akamvuta mtoto.

"Njoo, twende zetu. Huyu hana adabu."

"Nani, bibi?" Dorcas akauliza.

"Huyo wenu wa kashata. Hamuoni? Akigeuka ampa mtu chakula kwa shoto! Wallahi, mimi namfunza huyu nyumbani asubuhi na jioni, nanyi mwamfunza kinyume kwa umeme."

Wote walitazama, na ilikuwa kweli. Kompyuta ilipompindua yule mtu, ilipindua na mikono yake. Habari ikazunguka uwanja mzima kabla ya adhuhuri. Vijana wa vibanda vya jirani walikuwa wakipita na kunyoosha mkono wa kushoto: "Kashata, Bi. Salme, karibu kashata!" Watu wazima waliwazuia watoto wao. Ilipofika alasiri kibanda kilikuwa kitupu, na Bwana Musyoka alishauri waufiche mchezo, Ijumaa wawaonyeshe bodi michoro ya maua tu.

Bi. Salme alikataa. Alisema mama yule hakukosea hata kidogo, na aliyeona kosa ndiye aliyeangalia picha vizuri kuliko walioichora. Alhamisi asubuhi aliweka meza mbele ya kibanda, akatandaza karatasi ya miraba na kuanza kumchora upya muuza kashata wa upande wa kushoto. Haikuwa kazi ya kuhamisha kidole. Akielekea huko, mkono wake wa kulia huwa upande wa mbali, nyuma ya kifua. Ilibidi sinia lishuke na kushikwa na mkono wa karibu, bega ligeuke, na mkono wa kutoa uchomoze mbele ya kifua. Kila hatua ya mguu ilihitaji picha yake. Watu wakaanza kusimama kutazama. Mmoja akasema sinia limeinama, kashata zitamwagika. Mwingine, muuza kahawa, akamwonyesha kwa mwili wake jinsi mtu anavyogeuka na mzigo. Bi. Salme alifuta na kuchora, na Dorcas akawa anaingiza nukta kwenye mashine.

Jioni picha zilikuwa tayari, lakini disketi ilikuwa imejaa, na hapakuwa na nyingine. Kitu kilibidi kiondoke. Bwana Musyoka alitaja mawimbi, akataja minazi, lakini havikutosha. Bi. Salme aliifuta picha ya ufunguzi. Haikuwa na nakala wala karatasi. Dorcas alipoanza kulia alimwambia, "Mwanangu, mlango mzuri wa nyumba isiyo na adabu wa nini?"

Ijumaa bodi ilikuta msururu. Wengi walikuwa watazamaji wa jana waliokuja kuona mwisho wa kazi, na Bi. Mwanatatu alikuwa miongoni mwao na mjukuu wake. Alimtazama muuza kashata akigeuka kushoto, mara ya kwanza na ya pili. Kisha akamsukuma mtoto mbele taratibu. "Haya, cheza. Huyu sasa amefunzwa."

Mwenyekiti wa bodi, Bwana Jaffar, ambaye ana duka la khanga mjini, alingoja msururu upungue.

"Bi. Salme, nimeona, yapendeza. Lakini kesho vijana hawa watakula picha?"

"Nawe wala nini, Bwana Jaffar? Pale dukani kwako wauza pamba au wauza maua?"

Wajumbe walicheka, na Bwana Jaffar pia alicheka, lakini baada yao. Somo liliruhusiwa kuendelea kwa sharti kwamba lipokee kazi za watu. Mteja wa kwanza alikuwa Bwana Jaffar mwenyewe, aliyeagiza mapambo ya pindo la khanga. Tangu hapo wahitimu wa chumba kile wamepata kazi kwa wapiga chapa wa Changamwe, kwa watengenezaji wa mabango ya hoteli na katika maduka ya vitambaa mjini. Wengine wamejiajiri. Dorcas Mapenzi amerudi kwetu, na kuanzia Januari ndiye mwalimu wa somo hilo.

Bi. Salme hana majivuno, ila ana ubishi. Hukataa chai isiyo na tangawizi. Huwarudisha wanafunzi mlangoni wasalimie upya kama shikamoo yao haikusikika, na wale wenye sauti ndogo huwasogelea yeye mwenyewe, kisha huitikia kwa sauti ndogo kama yao ili wasione haya. Tangu 1994 amefuta ile hila ya kioo katika mafunzo yake ya watu. Anairuhusu kwa feri, kwa samaki na kwa mawingu. Mtu, asema, ana kulia kwake na kushoto kwake.

Asema atarudi Mtongwe kuchora kofia. Mabinti wa ndugu zake wamekwisha kumwambia penseli ziko tayari.

Mwaka huu chuo kimepata mashine mpya, zenye nafasi ya picha nyingi kuliko tunavyoweza kuchora. Kwa hivyo wanafunzi wa zamani na wa sasa wamekuwa wakikusanyika kuirudisha picha ya ufunguzi iliyofutwa Mkomani. Hakuna aliyeikumbuka yote. Mmoja alikumbuka ukingo wa maua, mwingine rangi ya maji, na Bwana Musyoka alikumbuka mahali jua lilipokuwa. Wamechora kwenye karatasi ya miraba kwanza, kama inavyotakiwa. Wameongeza jambo moja ambalo halikuwamo: mwanamke amesimama kivukoni, ana utepe wa kupimia shingoni, anawapokea abiria wanaotoka pande zote mbili. Amechorwa mara mbili, akielekea kulia na akielekea kushoto, nukta kwa nukta. Hakupinduliwa.

Ijumaa, baada ya sala na chakula, Bi. Salme ataombwa akae mbele ya mashine na kuufungua mchezo yeye mwenyewe. Tafadhali asiambiwe mapema, wala asipewe ukurasa huu kabla ya hapo.

Bi. Salme, ahsante kwa miaka yote hii, na kwa kutusogelea sisi tusiosikika. Mola akupe afya, macho yenye nuru na mkono usiotetema. Nenda salama Mtongwe, nasi twakuaga kwa mkono wa kulia.