Dawa Uliyonibakizia

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe mkubwa acha kunifuta jasho, keti unisikilize. Nina hasira, na nataka niitumie kabla haijapoa pamoja nami.

Asubuhi hii mdogo wako, kitinda mimba wangu, aliyejifungua kwa upasuaji wiki iliyopita, amefungua leso mbele yangu na kunipa vidonge vinane. "Mama, nimekubakizia," anasema. Dawa aliyoambiwa ameze siku saba amemeza siku tatu, akaona homa imeshuka, akamkumbuka mama yake. Nikamshika mkono. Unachoma kama pasi.

Usilie, kitinda mimba. Hilo neno, kubakiza, nimekufundisha mimi. Watu wa uani waliniita Nesi, nami nikavimba kichwa, kisa nina kopo la biskuti juu ya kabati lenye mabaki ya kila ugonjwa uliopita nyumbani kwetu: vidonge vya kikohozi cha kaka yako, vya jino la marehemu baba yenu, na zile kapsuli za unga tunazoziita rangi mbili, ambazo hata sikumbuki zilikuwa za nani. Mtoto wa jirani akiumwa sikio, njoo kwa Nesi, chukua viwili. Na yule muuza duka la dawa, mkasi mkononi, anakukatia vidonge vinne, tarehe ya kuharibika inabaki kwenye kipande chake, wala hakuulizi unaumwa nini, anauliza tu, "Vya leo au mpaka kesho?" Mimi kitambaa cha mtu sikikati kabla sijapima mara mbili, lakini dawa tulikata tu. Nyoka ukimkata mkia ukamwacha, hujamuua, umemfundisha.

Sindano ya cherehani iliponitoboa kidole, nilifanya nini? Nilipasua rangi mbili, nikanyunyiza unga wake kwenye kidonda, nikafunga kitambaa, nikaendelea kushona sare za shule. Unga ukaganda juu, usaha ukabaki chini. Siku ya nne mkono umevimba mpaka kiwiko, siku ya tano natetemeka meno yakigongana, na bado nawaambia ni uchovu. Mliponibeba kuja hapa, vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Wakaichukua hiyo damu wakaiotesha maabara, daktari akarudi na karatasi, akasema, "Mama, dawa hizi tatu haziviui. Vimezizoea." Nikamuuliza vimezizoea lini, na mimi ndiyo kwanza naugua. Akanitazama, akauliza, "Nyumbani mna kopo?"

Hajawahi kufika kwetu yule, lakini analijua kopo langu. Maana yake yako mengi, na wengi wamelala kitanda hiki kabla yangu, na hakuna aliyetoka akapiga kelele. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono. Dawa ya nne ndiyo hii ya kwenye dripu, na imekuta figo zimeshachoka.

Shangazi yenu aliniambia. "Wifi, dawa siyo chumvi, useme utaweka nyingine." Nikamjibu kwamba kwa ulimi huo ndiyo maana haolewi. Miaka tisa hatusalimiani. Mwambieni alisema kweli nami nilimtukana, na msiupambe ujumbe.

Vyumba viwili ni vyenu nyote, asiuze mmoja bila mwenzake. Cherehani ni ya binti yangu, na sare zilizobaki azimalize, kuna watoto wanazingoja. Kopo lileteni hapa hospitali, dirisha la dawa, na vyote vilivyomo. Msivimwage chooni, wala jirani asilichungulie, hata akibembeleza. Waambieni Nesi amefunga kazi.

Nipe maji. Kidogo.

Sasa wewe, mwanangu. Usimeze hivyo vinane kwa kubahatisha, wala usiniachie hapa. Wodi ya wazazi iko ng'ambo ya ua huu. Nenda ukamwambie mkunga ukweli: nilipewa siku saba, nikaacha siku ya tatu, homa imerudi. Wao watasema uanze na nini. Na mshono umwonyeshe. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, sasa unaficha nini? Watakachokupa, umeze mpaka kiishe, hata ukijisikia mzima wa kucheza ngoma.

Mkubwa, mshike mkono mdogo wako. Akikataa, mbebe.

Hapana. Hamsubiri. Kunitazama nikihema hakumponyi mtu. Mimi nimeshachelewa, yeye bado, na ana kichanga cha kunyonyesha. Mkirudi mkinikuta, vizuri. Msiponikuta, asije mtu akasema mama yenu alikufa peke yake. Semeni alitutuma.

Radhi yangu mnayo. Mungu awatangulie, awape... awape akili ya kuuliza. Mtoto wako umwambie bibi yake alikuwa mkali.

Inukeni. Nisikie ndala zenu zikienda.