Kayitare Valens na Posa ya Gerezani

Ndugu waombolezaji, familia imempa mdogo wa marehemu kazi ya kusoma wasifu huu kwa kuwa ametembea sana, Goma, Lubumbashi hadi Kampala, ikidhani aliyetembea amejifunza kusema, kumbe alijifunza kupotea njia tu, basi mtamvumilia.

Mzee Kayitare Valens alizaliwa Bukavu tarehe 3 Mei 1961, kwa wazazi waliotoka Nkungu, Rwanda, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1967 hadi 1973, akaanza sekondari na kuiacha mwaka 1977, akisema kwamba walimu hawakupenda kubishiwa. Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Maman Dative Mukabera, wakajaliwa Mutoni na Nishimwe, wakarudi Rwanda Novemba 1994 na kukaa hapa Kamembe, naye akaendesha lori la saruji Muganza kuanzia 1996 hadi 2014.

Lakini wengi hapa mnamjua kama msemaji wa posa, Jumamosi hii akiombea upande wa kijana, Jumamosi ijayo akikatalia upande wa msichana, na pande zote mbili alishinda, au alisema ameshinda.

Mwaka 2003 ndugu yetu Nshimiyimana aliuawa Muganza katika ugomvi wa mpaka wa shamba la mpunga, na aliyemuua, Hakizimana, akahukumiwa kifo mwaka uliofuata, Kayitare akaridhika. Nchi ilipoifuta adhabu hiyo Julai 2007, na hukumu ya Hakizimana ikawa kifungo cha maisha, Kayitare alibishana na redio hadi betri zikaisha. Alisema muuaji anakula ugali wa serikali huku Nshimiyimana anakula udongo, tena muntu asiyeogopa kufa ataogopa nini, na jirani yetu Maman Zulaikha, muuza vitenge, alimjibu kutoka ng'ambo ya ukuta miaka yote, “Papa Mutoni, na tribinali ikikosea, utamufufua nani? Wakimupiga risasi, Nshimiyimana atarudia kula kwako?” Hapo marehemu aliomba chai.

Kisha Nishimwe, kijana wake, akampenda Umuhire, binti wa Hakizimana huyo huyo. Msichana alisema hataolewa kama baba yake hakuombwa, kijana akasema hataoa mwingine, na Kayitare akakaa mwaka mzima bila kusema ndiyo wala hapana, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Asubuhi ya tarehe 11 Juni 2021 alivaa koti lake la posa, akaenda gerezani, na mdogo wake akamsindikiza, akiwa amebeba Fanta ambazo walinzi walimnyang'anya mlangoni.

Alipomwona Hakizimana, ulimi wake ulikimbilia upande wa msichana, kwa mazoea, akaanza kukataa badala ya kuomba, “Binti yetu hatumtoi, kwanza kuna mtu wa kwenu alitukosea.” Ninyi mnajua kwamba utani huo husemwa katika kila posa, na upande wa kijana huomba radhi kwa kosa la kubuni, watu wakacheka. Safari hii kosa lilikuwepo.

Hakizimana alipiga magoti, akasema, “Njo miye mwenye kosa. Nilimuuwa Nshimiyimana juu ya kipande ya shamba. Munisamehe, Mzee.” Kayitare alikaa, akajifuta uso kwa tai, kisha akasema kwa sauti ya kazi, “Basi, tumeikubali radhi, binti tumewapa.” Hakizimana akamwangalia. “Mzee, ule mutoto ni wangu.” Walicheka wakilia, na mlinzi akawaomba wapunguze kelele.

Harusi ilifanyika tarehe 4 Desemba 2021. Tangu hapo, kila ulipomwuliza Kayitare habari ya adhabu ya kifo, alikupa hoja zake zote za zamani, kwa nguvu ile ile, kisha akasema, “Lakini ningeenda kuomba kwa nani?”

Aliugua moyo tangu Februari, akafariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, akiwa amemwona mjukuu wake, Nshimiyimana mdogo.

Tunawashukuru madaktari waliobishana naye kuhusu chumvi, madereva wenzake wa Muganza, majirani, na kwa namna ya pekee Maman Zulaikha. Tunamshukuru pia mkwe wetu Hakizimana, ambaye hayupo hapa kwa sababu mnayoijua, na yu hai kwa sababu ambayo marehemu aliipinga kwa nguvu zake zote.

Kaka, pumzika kwa amani, leo hakuna wa kukubishia.