Mtu wa Gundi Aliyeomba Utepe

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa karakana ya klabu yetu ya baiskeli anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wote tunamwita Siku Tatu, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilompa kila aliyeuliza gurudumu lake litakuwa tayari lini.

Kwa wasioijua kazi yetu: tairi la mashindano hushonwa na mpira wake ukiwa ndani, na halishikwi kwenye rimu na kitu kingine ila gundi, au utepe unaonata pande zote mbili. Utepe ni kazi ya nusu saa. Gundi ya Siku Tatu hupakwa mara tatu kwa brashi, na kila mpako huachwa siku nzima ukauke. Tairi likichomoka kwenye kona, mpanda baiskeli naye huchomoka. Ndiyo maana aliapa kwamba utepe hautagusa rimu yake angali hai.

Kiapo hicho kilimmalizia suruali. Aliwahi kukalia kigoda chenye gundi mbichi na kuhudhuria mkutano mkuu akiwa nacho. Wajumbe waliposimama kupiga makofi, kigoda nacho kilisimama. Mwenyekiti wetu, ambaye hajawahi kupanda baiskeli, alipokuja kukagua karakana aliegemea gurudumu lililopakwa gundi, kisha akatia saini kitabu cha wageni na kuondoka nacho mkononi bila kupenda.

Uongozi uliunda Kamati ya Gundi na Utepe. Ilikutana mara kumi na moja, ikanywa chai mara kumi na moja, ikapendekeza iundwe kamati. Mafundi tukagawanyika. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa upande wa utepe, na kwa miaka sita Siku Tatu hakumwazima hata bisibisi.

Mwaka jana, Jumamosi saa kumi jioni, mpwa wake, binti wa dada yake, alipita juu ya chupa iliyovunjika na tairi likachanika. Kesho yake asubuhi yalikuwa mashindano ya kuchagua timu, yenye mteremko mrefu na kona kali chini yake. Gurudumu la akiba lilikuwa linaning'inia ukutani na mpako wa kwanza. Sote tulijua kwamba akitumia gundi mbichi, kiapo kitapona na huenda binti asipone.

Binti mwenyewe alimwambia tu, "Mjomba, weka unachoona sawa. Mimi nakuamini wewe, siyo hilo kopo la gundi."

Siku Tatu alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwandishi huyu, akanyoosha mkono bila kumtazama usoni. Akapewa utepe. Kwa saa mbili aliikwangua gundi yake mwenyewe kwenye rimu, akabandika utepe, akalivuta tairi kwa nguvu zake zote. Asubuhi alisimama kwenye ile kona akitafuna kofia. Tairi halikusogea, na binti alimaliza wa pili.

Jumatatu mwenyekiti alimtunuku Cheti cha Uaminifu kwa Gundi. Siku Tatu alisema waziwazi mbele ya watu kwamba ulikuwa utepe. Ukumbi ulicheka, mwenyekiti akacheka zaidi, na cheti kikasomwa upya kwa sauti. Amejaribu kukirudisha mara mbili. Ofisi inasema hakuna fomu ya kurudishia sifa.

Basi tunaliandika hapa, katika ratiba ya sherehe hii ya kumuaga, iliyogongwa muhuri na mwenyekiti mwenyewe, ambaye hasomi anachogonga: ulikuwa utepe. Wengi wetu tumeng'ang'ania maneno yetu hata yalipoumiza watu. Yeye alilivunja lake mbele ya wapinzani wake, na wapinzani tulilia.

Asante sana, mkuu wetu. Mpwa wako amekaa safu ya mbele, mzima wa viungo vyote. Geuka umtazame, kisha nenda ukapumzike kwa raha zako.