Bomba Lilikuwa Wazi

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwaniona nimesimama, nasema, na mate hayanitoki. Basi nisikilizeni.

Miaka ile hoteli zilipoanza kuota Diani, nilikuwa mtunza bustani katika mojawapo. Kichwa kikawa kinaniuma, nikaenda kwa daktari. Akaniambia damu imepanda, akanipa vidonge. Nami nikasikia kama mnavyosikia ninyi: damu imezidi. Na kilichozidi si hupunguzwa? Nikaenda kwa mzee mmoja wa kuumika, akanipiga chuku mgongoni, zile pembe za kufyonza damu, ikatoka nyeusi. Nikajiona mwepesi, vidonge nikavitupa. Mnacheka? Wangapi hapa mna alama za chuku?

Asubuhi moja, ninamwagilia maua, mpira wa maji ukaniponyoka. Mkono wa kulia umekufa, mdomo umekwenda upande. Nikataka kumwita mwenzangu, nikalia kama mbuzi. Wakanikimbiza hospitali.

Ndugu zangu, nawaambia, si mkono ulioniliza, ni ulimi uliokataa kutamka. Binti yangu alikuwa ameposwa, na baba ndiye atamkaye "nimekuozesha". Ndugu yangu akajitolea kuwa wakili wangu, atamke badala yangu. Binti akakataa. "Baba yangu yu hai," akasema. "Nitangoja ulimi wake."

Daktari alipojua kazi yangu, akaniuliza mpira hufanyaje bomba likifunguliwa kwa nguvu kila siku. Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto: huchakaa, hupasuka, au huziba na maua yakanyauka.

"Basi mishipa ya ubongo ndiyo mipira hiyo, tena myembamba," akasema. "Damu yako si nyingi, Mzee. Inasukuma kwa nguvu."

Hapo nikafahamu. Nilikuwa nikipunguza maji ndooni, na bomba li wazi vile vile.

Nikameza vidonge bila kukosa. Nikaachana na papa wa chumvi, ingawa nampenda hata leo. Kila alasiri mke wangu alikuwa akinikalisha barazani: sema nimekuozesha. Nami nikisema "nimekuosha". Alipocheka, nami nilicheka kwa upande mmoja.

Siku ya ndoa nilimshika bwana harusi kwa mkono huu huu uliokuwa umekufa, nikamwozesha. Sheikh hakunirudisha nitamke tena.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, na daktari, na mke wangu, na binti aliyengoja. Nanyi wenye mabinti, msiniambie mwajisikia wazima. Hata mimi nilijisikia mzima. Nendeni mkapimwe, ulimi ungali mwepesi.